Mtengenezaji: Hajulikani

Jumanne, 3 Juni

Leo katika kituo chetu cha kuhifadhi filamu za zamani tumeletewa mikebe kumi na mmoja ya filamu kutoka kanisa moja la kusini-mashariki mwa Washington. Jengo lao limeuzwa, na walipokuwa wakihama wakaikuta chini ya ngazi ya jikoni, nyuma ya viti vibovu. Nilipofungua wa kwanza, harufu ya siki ikanipiga hadi machozi yakanitoka. Ndivyo filamu inavyooza, kwanza inanuka siki, kisha inajikunja, kisha inakuwa jiwe. Mikebe miwili tayari ni jiwe. Nimejaza fomu: filamu bila sauti, mwaka 1928 kwa alama za kiwanda zilizo pembeni. Imewekwa kwa amana. Mtengenezaji: hajulikani.

Kutoka kituoni College Park hadi nyumbani Germantown, saa moja na nusu barabarani.

Ijumaa, 6 Juni

Joto. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 11 Juni

Tumeitazama, mimi na Mzee Akinyele. Yeye ndiye fundi wetu wa filamu, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa hapa hapa Washington, umri sabini na tatu. Alijifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini na hajakiacha hadi leo. Kiswahili chake kimevaa suti na tai. "Dada Awino, je, u tayari?" huniuliza kila asubuhi, na mimi mtoto wa Kisumu hujikuta nanyoosha mgongo.

Filamu inaitwa "Kapu la Mfuaji". Mama mmoja anafulia watu matajiri, kijiko cha fedha kinapotea, anaitwa mwizi. Anazunguka mji mzima na kapu lake akitafuta mtu mmoja tu wa kumshuhudia. Kila mlango unafungwa. Waigizaji wote ni Weusi, hata walioigiza Wazungu. Kuna mahali anasimama mbele ya mlango uliofungwa, na kamera inabaki kwenye mikono yake iliyochunika kwa sabuni, inabaki, inabaki, mpaka nikataka kuifunika kwa kanga. Aliyepiga picha ile aliijua mikono ile.

Halafu kuna msichana mdogo kwenye ngazi, anakunja soksi. Ghafla anainua uso, anatazama kuelekea kamera, anaangua kicheko.

Mzee Akinyele alisimamisha mashine. "Anamcheka nani?"

Akairudisha nyuma, tukaitazama tena.

Jumanne, 17 Juni

Chini kabisa ya mkebe wa tisa nimekuta karatasi ya tangazo iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa: Njooni Jumatano jioni. Bi Lavinia Tolbert ataonyesha picha zake mwenyewe zinazotembea. Watoto waje na wazazi.

Picha zake mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Nimempelekea Nnamdi tangazo. Nnamdi ni mkurugenzi wetu, mtoto wa Waigbo aliyezaliwa hapa. Miaka sita iliyopita, nikiwa napanga maboksi dukani na cheti changu cha ukutubi kimelala sandukuni, yeye ndiye aliyekisoma na kunipa kazi. Katika maombi yangu huwa simsahau.

Alilisoma, akatabasamu, akalirudisha. Akasema maandishi ya maonyesho ya filamu tunayoyaandaa yameshatungwa na Profesa, yule mgeni aliyealikwa kuyaandaa. Filamu itatajwa kuwa ya Harlan Pruett, Mzungu wa Philadelphia aliyekuwa na duka la kusafishia filamu, kwa sababu muhuri wa duka lake uko kwenye kila mkebe. Profesa ametumia miaka kumi na miwili kumchunguza Pruett. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 4 Septemba.

"Lakini hapa pameandikwa zake mwenyewe," nikasema.

"Huenda alizinunua, Awino. Mtu akinunua kitu, si kinakuwa chake mwenyewe?"

Jibu nimelipata nikiwa kwenye gari, na gari halina haja nalo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemsimulia binti yangu Aketch habari yote wakati wa chakula. Ana miaka kumi na sita, Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Aliuliza swali moja: nani aliandika kwamba mtengenezaji hajulikani?

Nikasema ni mimi.

Akauliza: ulikuwa umemtafuta?

Hapana, sikuwa nimemtafuta. Nilikuwa na fomu ya kujaza na barabara ya kuwahi. "Hajulikani" ni neno lililo tayari kwenye orodha, unalibonyeza tu. Nimelibonyeza mara ngapi katika miaka hii sita?

Jumatano, 2 Julai

Nimewapigia simu watu tisa wenye jina la Tolbert. Wa tisa ni mwanamke anayeitwa Kizzy, wa Woodbridge, Virginia. Nilipotaja Bi Lavinia akaniwakia. "Mnataka nini tena? Nyanya yangu amewaandikia barua ninyi tangu sijaingia shule ya upili. Leo ndiyo mmejifunza kusoma?" Akakata simu.

Mwanamke hana adabu hata kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Ninaifuta sentensi ya mwisho ya jana.

Niliingia ghala la barua za zamani. Barua ziko tatu: 1986, 1991, 2003. Zote zimeandikwa na mtu mmoja, mwalimu mstaafu anayeitwa Anna Tolbert, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Anasema mama yake Lavinia alitengeneza filamu kati ya 1926 na 1931, kwamba zimo kanisani chini ya ngazi, chini ya ngazi, ameandika hivyo hivyo, na anaomba mtu aende kuziangalia kabla hazijaharibika. Barua ya tatu inasema: "Mimi sasa ni mzee. Siombi sifa. Naomba mtu afungue mikebe."

Kwenye ukingo wa ile ya kwanza mtu wa kituo hiki aliandika kwa penseli: Hadithi za familia. Hakuna haja ya kujibu.

Hakuna haja! Kutoka mlango wetu hadi kanisa lile ni nusu saa kwa gari. Kwa miaka thelathini na tisa nusu saa ilikosekana. Mikebe ile miwili iliyogeuka jiwe haikufa kwa uzee. Iliuawa kwa penseli.

Nimempelekea Kizzy ujumbe: "Nimezisoma barua. Hamkukosea lolote. Naomba nije."

Ijumaa, 4 Julai

Fataki mtaa mzima. Sijaenda kutazama.

Jumamosi, 12 Julai

Woodbridge. Kizzy alinifungulia mlango akiwa bado na sare ya posta, kwani huchambua barua zamu ya alfajiri. Hakuniomba radhi kwa simu ile, na mimi sikuihitaji. Alinipokea kwa chai ya barafu na jicho la mtu anayehesabu vijiko.

Bi Anna ana miaka mia na mmoja. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini kwenye joto hili, miwani inayoning'inia kwa uzi. Alinitazama kwanza kwa muda.

"Umekuja na maswali, au umekuja na filamu?"

"Na filamu, Nyanya."

"Basi maswali yangoje."

Niliiweka laptopu kwenye meza ya kitanda, karibu kabisa na uso wake. Mzee Akinyele alikuwa amenipa nakala. Kapu likatokea. Mlango wa kwanza ukafungwa. Kizzy alikuja akasimama nyuma ya kiti, na yeye hajawahi kuiona, kabla yetu sisi wa kituoni hakuna aliye hai aliyewahi kuiona isipokuwa huyu mmoja. Msichana akafika na soksi zake. Akainua uso. Akacheka.

Na Bi Anna akacheka naye. Kicheko kile kile. Miaka tisini na saba imepita katikati na kicheko hakikubadilika.

"Ni mimi huyo," alisema. "Namwangalia Mama. Alikuwa anazungusha mkono wa kamera, na kwa sababu niliona aibu kwa watu, alinitolea ulimi. Mbele ya mashemasi wote! Fikiria, mwanangu, mwanamke wa kanisa."

Kizzy aliondoka akaenda jikoni. Nilisikia maji yanafunguliwa, na hakuna kilichokuwa kikioshwa.

Bi Anna alisimulia bila haraka, akinisahihisha kila nilipoandika mwaka vibaya. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kamera aliinunua kwa mjane wa mpiga picha mmoja. Juma zima alishona, Jumamosi washirika wa kanisa walivaa alivyowavisha wakaigiza alivyowaambia. Maduka mawili ya mjini yalikataa kuzisafisha filamu zake. La kwanza halikumruhusu hata kufika kaunta. Ndiyo sababu alizituma Philadelphia kwa posta, kwa huyo Pruett, ambaye hakumwona mteja wake ana rangi gani. Zilirudi na muhuri. Kisha mama na mtoto wakaingia garini, wakaenda kuzionyesha makanisani, Virginia yote hadi Carolina, wakilala ndani ya gari kwa kuwa hoteli hazikuwapokea. Filamu za sauti zilipoenea, hakumudu vifaa vyake. Akarudi kwenye cherehani.

"Alikufa mwaka 1962. Gazeti likaandika fundi cherehani. Nilikwenda pale ofisini kwao nikawaambia, mama yangu alitengeneza filamu sita. Yule kijana akaniuliza, filamu gani?" Akalivuta blanketi magotini. "Mikebe ilikuwepo, mashine haikuwepo, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Hilo ndilo lililonichoma. Alinifanya nionekane mwongo juu ya mama yangu."

Nimeendesha gari kurudi barabara ya 95 ikiwa imefungana kabisa, na kwa mara ya kwanza sikujali. Nilikuwa nagonga usukani.

Jumatatu, 14 Julai

Dhoruba. Umeme umekatika kituoni na ghala baridi likaanza kupata joto. Tumebeba mikebe na Mzee Akinyele hadi kwenye chumba chenye jenereta, yeye akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti nzito. Hatukupoteza kitu.

Jumanne, 22 Julai

Mkutano. Niliweka mezani tangazo, barua tatu, na maelezo ya Bi Anna niliyoyaandika kurasa kumi na nne, yenye sahihi yake.

Profesa aliyasoma kwa heshima. Ni mtu mpole, na hilo linaniudhi zaidi, maana mtu mpole unakosa pa kumshika. Akavua miwani. "Inagusa moyo sana. Lakini kumbukumbu ya mtoto wa miaka minne si ushahidi."

"Na Pruett ana ushahidi gani?"

"Muhuri."

Nikasema: "Profesa, fundi viatu akipiga muhuri wake ndani ya soli, ile safari ameenda yeye? Bibi huyu ana tangazo, ana barua, ana shahidi aliye hai aliyemo ndani ya picha yenyewe. Pruett ana muhuri wa mkebe. Mbona muhuri unaaminiwa na mtu haaminiwi? Ingekuwa Bi Lavinia ndiye mwenye muhuri na Pruett ndiye mwenye mtoto wa miaka mia na mmoja, mngemdai huyo mtoto ushahidi au mngempelekea maua?"

Mzee Akinyele, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, aliigonga kwa kiganja mara moja.

Nilimgeukia Nnamdi. Nilingoja. Wewe, nilisema moyoni, wewe unayejua jina lako linavyoharibiwa midomoni mwa watu kila siku.

"Awino, tafadhali," alisema. "Tupunguze sauti."

Ndipo nilipomwona. Miaka sita nilikuwa nikiuona wema wake, na wema wake ni wa kweli. Lakini ni wema wa mtu anayefungua mlango pale tu ambapo mwenye nyumba hatakasirika.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna aliyenisalimu kwenye lifti.

Jumanne, 5 Agosti

Wamefikia muafaka, kwa maneno ya Nnamdi. Maandishi ya ukutani yatasomeka: "Harlan Pruett, yaelekea kwa msaada wa Bi L. Tolbert."

Msaada! Yule aliyetunga, aliyeshona mavazi, aliyeelekeza, aliyezungusha kamera, aliyeendesha gari hadi Carolina na mtoto amelala kiti cha nyuma, eti alisaidia. Na wanataka nishukuru. Nnamdi aliniambia hivyo waziwazi: "Mwezi wa Juni hakuwapo kabisa ukutani, sasa yupo. Huo si ushindi?" Nilimwambia kumwingiza mwenye nyumba kwa mlango wa nyuma si kumkaribisha.

Kisha nikakumbuka fomu niliyoijaza kwa mkono wangu. Kanisa halikutupatia filamu hizi moja kwa moja. Liliziweka kwa amana, na mwenye amana huichukua siku anayotaka. Nilimpigia Kizzy, ambaye hadi leo ni mshirika wa kanisa lile, nikiwa kwenye maegesho, nikamsomea kifungu neno kwa neno. Najua nilichofanya. Mkataba wangu unaisha mwezi huu.

Alisikiliza hadi mwisho. "Dada," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "watakufukuza."

"Hawatanifukuza. Hawataniongezea tu. Hapa hawafukuzi mtu, wanasahau kumwita."

Jumapili, 10 Agosti

Kizzy amenipigia. Baada ya ibada leo, katika ukumbi wa shule wanaoukodi huko Suitland tangu jengo liuzwe, alisimama akawasomea washirika maandishi ya ukutani. Aliposoma "kwa msaada wa" watu waliguna. Mzee mmoja akasema filamu hizi ziachwe kituoni, mahali pa heshima, watu wanaojua wazitunze, tusigombane na wakubwa. Kizzy akamjibu: "Miaka thelathini na tisa zilikuwa chini ya ngazi zetu wenyewe, mzee. Nasi tulilala. Wao wana kosa lao, sisi tuna letu. Lakini letu tunaweza kulitengeneza leo." Wakapiga kura kwa mikono. Waliokataa walikuwa wanne.

Filamu zinarudi.

Jumatatu, 18 Agosti

Washirika wa kanisa wamekuja kuzichukua. Profesa alitoka ofisini, uso mweupe kama karatasi, akasema watu hawa wataziua. Ana haki ya kuhofia, filamu ya namna hii inataka baridi kali. Lakini Mzee Akinyele alikuwa ameshafikiria. Alifunga kila mkebe ndani ya mifuko miwili isiyopitisha unyevu, akaandika tarehe, na sasa hivi filamu za Bi Lavinia zimo ndani ya friza ya Kizzy kule Woodbridge. Kuku na samaki wamehamia kwa jirani. Nimeona picha. Ile baridi inatosha, kasema Mzee, hadi ipatikane taasisi itakayoandika jina sawasawa kabla ya kupokea.

Mimi ndimi niliyetia sahihi ya kuzitoa.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku yangu ya mwisho kituoni. Asubuhi, kabla hawajaifunga akaunti yangu, nilifungua sajili nikafuta neno moja na kuandika mawili: Lavinia Tolbert. Kisha nikaorodhesha ushahidi wote chini yake, barua kwa barua, ukiwemo ule mwandiko wa penseli.

Nnamdi alinifuata hadi maegesho. Alikuwa amekunja mikono ya shati na amechoka. "Nimeona ulivyobadilisha sajili," alisema. "Sijaifuta."

Nadhani alitaka nimshukuru. Zamani ningemshukuru.

"Kutoifuta ni kitu, Nnamdi. Lakini ulikuwa na mdomo mwezi Julai."

Aliinamisha kichwa. Aliniambia baba yake alimfundisha kwamba mgeni hapigi kelele sebuleni. Nikamwambia yeye kazaliwa hapa, hii ndiyo sebule yake, na Bi Lavinia alizaliwa hapa kabla ya wote waliokuwa wameketi kwenye ile meza. Tukapeana mikono. Sikumwombea leo. Labda kesho.

Alhamisi, 4 Septemba

Maonyesho yamefunguliwa. Ukutani, kasema Mzee Akinyele, kuna mahali peupe pa ukubwa wa mlango.

Jumapili, 7 Septemba

Ukumbi wa shule, Suitland, baada ya ibada. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Aketch alikuja nami, akasaidia kuvuta mapazia. Mzee Akinyele, ndani ya suti ya kweli, alileta mashine yake mwenyewe na ile nakala ya filamu. Kizzy aliandika maneno ya mwanzo na kuyaunganisha kabla ya picha: Imetungwa, imeelekezwa na kupigwa na Lavinia Tolbert. Yalipotokea, hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu, mmoja mmoja, wote.

Bi Anna alikuwa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilidhani atachoka. Badala yake akaanza kusema. Filamu haina sauti, basi ya kwake ilijaa ukumbini.

"Huyo ni Shemasi Cato Beale. Hapo anajifanya tajiri, na kiatu kina tundu. Huyo ni Bi Ozella, aliuza chaza sokoni. Mfuaji ni Ruth Minor, alinifundisha kusoma. Yule anayefunga mlango ni mumewe, nyumbani hakuwa hivyo, jamani, alikuwa mtu mwema sana." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa kando yake na daftari, naandika majina kwa kasi niwezavyo. Kumi. Kumi na watano. Ishirini na wawili.

Kisha akatokea mwanamke kwenye uzio, kofia pana, ndoo mkononi, anamtazama mfuaji akipita na hasemi kitu. Bi Anna akafungua mdomo. Akaufunga.

"Simamisha," alisema.

Mzee Akinyele akasimamisha. Mwanamke akabaki pale, mkubwa kama ukuta.

"Simkumbuki." Sauti ilikuwa imebadilika. Alipiga mkono wa kiti kwa ngumi ndogo kama ya mtoto. "Alinipa tunda la pichi. Nakumbuka pichi! Mungu wangu, nimemsahau mwenyewe."

Kizzy aliinama kumkumbatia, naye akamsukuma. Nilikaribia kumwambia, basi, Nyanya, ishirini na wawili ni wengi. Namshukuru Mungu sikusema.

Safu ya nne, mama mmoja mwenye fimbo alisimama taratibu. Alikuwa ameuweka mkono mmoja kifuani.

"Naijua kofia hiyo," alisema. "Tuna picha yake nyumbani, ameivaa. Huyo ni nyanya yangu, mama yake baba."

Niliinuka, nikapita katikati ya viti, watu wakikunja magoti kunipisha. Nikachutama mbele yake na daftari wazi.

"Jina lake, mama," nikasema. "Nipe herufi moja moja."